Shotigani za Zamani kwenye Mashindano: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Linalosemwa zaidi ni kwamba shotigani (bunduki ya marisawa) ya zamani ikishaguswa na fundi, imekwisha. Si kweli. Chukua Winchester Model 12, iliyoingia sokoni 1912. Walenga shabaha wa Marekani, wale wanaopiga visahani vya udongo vikiwa hewani, waliitegemea kwa miongo mingi, na wengi walipeleka mitutu yao kwa kampuni ya Simmons, Kansas City, ifungwe reli (ukanda wa chuma juu ya mtutu) yenye nafasi chini yake ili joto la mtutu lisiwachezee macho. Mkusanyaji ataipa bei ya chini kuliko iliyotoka kiwandani na reli yake. Mshindani hana sababu ya kuikataa.

Wapo pia wanaoamini kwamba kuing'arisha na kuipaka rangi upya kunairudishia uasili. Hapo ndipo unapopotea. Tazama tundu la skrubu: chuma kisichoguswa kina kingo kali, kilichosuguliwa kwa mashine kina kingo zilizolika, na herufi za kiwanda zimefifia.

Dhana inayonitia hofu hasa ni hii: "Risasi ikiingia, inafaa." Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishafyatuliwa na mdomo wake kufunguka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa, kwa hiyo ganda la milimita 70 huingia bila shida kwenye chemba (sehemu ya mtutu inamokaa risasi) ya milimita 65, kama zilivyokuwa Model 12 za mwanzo za geji 16 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu). Likifyatuliwa, mdomo unafungukia pale mtutu unapoanza kubana, marisawa yanapita kwa shida na shinikizo linapanda. Bunduki inaweza kuvumilia msimu mzima, huku ikiumia ndani kwa ndani.

Kurefusha chemba kunawezekana, ila si kazi ndogo: unapunguza chuma mahali penye shinikizo kubwa kuliko pote. Uingereza, bunduki iliyofanyiwa hivyo hurudishwa kwenye kituo cha kujaribu bunduki cha London au Birmingham ikajaribiwe na kugongwa muhuri upya kabla ya kuuzwa. Marekani haina sheria ya namna hiyo, hivyo mnunuzi ndiye wa kudai unene wa kuta za mtutu upimwe.

Na mashindano ya kikauboi ya Single Action Shooting Society, chama cha Marekani cha kulenga shabaha kwa silaha za enzi za makauboi? Hayadai bunduki za kale pekee. Nakala mpya zinakubaliwa. Winchester Model 1897 hupita kwa kuwa nyundo yake iko nje. Zenye mitutu miwili hazitakiwi kurusha maganda zenyewe, ndiyo maana mafundi husugua chemba mpaka ziteleze, maganda yadondoke bunduki ikivutwa nyuma kwa nguvu. Kwa nje kazi hiyo haionekani. Kabla hujalipa, hakikisha bunduki ni tupu, ifungue, umulike chemba kwa tochi, kisha muulize muuzaji nani aliisugua na alitoa chuma kiasi gani.