Mwonekano wa tovuti unaojali bando la msomaji

Kurekebisha mwonekano wa tovuti kwa ajili ya wanaobana matumizi ya data ni kuuandika ukurasa kwa namna ambayo mtu aliyekwisha kueleza, kupitia mipangilio ya simu au kivinjari chake, kwamba anataka kutumia data kidogo, hapelekewi fonti za kupakuliwa, picha kubwa za mandharinyuma wala video zinazojicheza zenyewe, ilhali maandishi aliyoyafuata yanamfikia yote.

Matakwa hayo huweza kuifikia tovuti kwa njia mbili. Ya kwanza ni kichwa cha ombi, yaani maelezo mafupi yanayoambatana na ombi la ukurasa, kiitwacho Save-Data, ambacho kivinjari hukituma kwa seva, kompyuta inayotoa kurasa za tovuti, kikiwa na neno «on», nayo seva ikachagua kujibu kwa picha nyepesi. Ya pili imo ndani ya CSS yenyewe, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa: ni sharti liitwalo prefers-reduced-data, lililomo katika rasimu ya Media Queries, toleo la 5, ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, lenye thamani mbili tu, yaani reduce (msomaji anataka data ipunguzwe) na no-preference (hajaeleza takwa lolote).

Kwa kuwa sharti hili bado halijatekelezwa katika vivinjari vingi, namna ya kuliandika ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kivinjari kisicholifahamu huliruka pamoja na yote yaliyomo ndani yake. Kwa hiyo mwandishi anayeanza na ukurasa mzito, kisha akaupunguza chini ya reduce, huwaacha watumiaji wa vivinjari hivyo wakilipia kila kitu. Naona ni haki zaidi kuanza na ukurasa mwepesi, unaotumia fonti zilizomo tayari katika simu, na kuyaweka mapambo chini ya no-preference, hata kama wengi wataukosa urembo huo kwa sasa.

Kuficha si kuokoa. Picha iliyowekwa kwa img, alama ya HTML ya kuweka picha, kisha ikafichwa kwa agizo la CSS la display: none, kwa kawaida hupakuliwa vilevile, na mwenye bando hukatwa data ya kitu asichokiona. Picha ya namna hiyo yafaa iwekwe ndani ya alama ya picture, ambamo kila chanzo huweza kupewa sharti lake, ili kivinjari kichague faili moja kabla hakijaanza kupakua chochote.