Je, wajua nguru huivaje bila moto kule Dumaguete?

Dumaguete ni mji wa pwani katika kisiwa cha Negros, katikati ya Ufilipino. Watu huuendea kupumzika: asubuhi kutembea kwenye Rizal Boulevard, barabara inayopakana na bahari, mchana kupanda boti kwenda kuogelea na kasa wa Apo Island, jioni kula kando ya maji. Kwenye meza hizo za jioni hakukosi bakuli la kinilaw. Ni vipande vya samaki mbichi, mara nyingi nguru, yuleyule nguru wa Dar es Salaam na Mombasa. Wao humwita tanigue. Hajapita motoni hata kidogo, lakini nyama yake ni nyeupe na imeshikana kama ya samaki aliyechemshwa. Kilichomgeuza ni siki ya mnazi.

Nyama ya samaki, ukiacha maji, sehemu kubwa ni protini. Protini hizo ni nyuzi ndefu zilizojikunja vizuri, kila moja mahali pake, na mwanga hupenya kati yake. Ndiyo maana mnofu mbichi wa nguru hung'aa na huonekana kama una kioo ndani. Ukiutia motoni, joto hukunjua nyuzi, nazo zikishakunjuka hunasana ovyo na kufanya wavu. Mwanga ukiugonga wavu huo hutawanyika badala ya kupenya, na nyama huwa nyeupe. Ute wa yai hufanya vivyo hivyo kikaangoni.

Asidi hufika palepale kwa njia nyingine. Katika kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka ukali huongezeka, samaki aliyevuliwa leo huwa kati ya 6 na 7, na siki huwa karibu na 3. Siki inapoingia nyamani hubadilisha chaji za umeme zilizokuwa zikizitenganisha protini. pH ikishuka karibu na 5, protini hazisukumani tena. Huanza kukunjuka na kushikana. Kwa hiyo ulimi na jicho husema ameiva. Vijidudu, kama tutakavyoona, havikubaliani na ulimi.

Kata kipande kimoja katikati baada ya dakika kumi utaona kazi yote. Nje kuna ukanda mweupe, mwembamba kama ganda la tikiti, na ndani bado kuna moyo wa waridi unaong'aa. Hivyo ndivyo kinilaw nzuri inavyotakiwa kuwa: nje imekaza, ndani laini. Asidi husafiri polepole kutoka nje kwenda ndani, na unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kufika katikati huongezeka takriban mara nne. Ndiyo sababu wapishi wa Visaya, yaani visiwa vya katikati ya Ufilipino, Negros kikiwemo, hawabahatishi ukubwa wa vipande. Sentimita moja na nusu kila upande inatosha.

Siki yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, maana msomaji wa pwani yetu ataitambua bila kuelezwa sana. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, hukata ncha ya kole la maua ambalo halijafunguka, na kukinga utomvu ndani ya chombo cha mwanzi. Kinachotoka ni tuba, yaani tembo la mnazi. Hamira ya porini hugeuza sukari kuwa kileo kwa saa chache tu, kisha, chombo kikiachwa kipate hewa, bakteria nao hugeuza kileo kuwa asidi kwa muda wa wiki kadhaa. Katika Visaya wengi hutia magome yaliyosagwa ya mkandaa, mti uleule wa mikoko yetu, ambao kule huitwa tungog. Magome hayo hulipa tembo rangi nyekundu na kupunguza kasi ya kuchacha. Antonio Pigafetta, aliyefika visiwa hivyo na meli za Magellan mwaka 1521, aliandika kwamba wenyeji walipata divai, siki na mafuta kutoka kwenye minazi. Na kinilaw ina umri mkubwa kuliko safari hiyo: huko Butuan, kaskazini mwa kisiwa cha Mindanao, katika uchimbaji wa mashua za kale za karne ya 10 hadi ya 13, ilipatikana mifupa ya samaki pamoja na mabaki ya tunda la tabon-tabon, ambalo mpaka leo hukwaruzwa na kutiwa kwenye kinilaw ili kukata shombo. Anayedhani chakula hiki kiliigwa kutoka ceviche, samaki mbichi wa ndimu wa Peru, akumbuke tarehe hizo.

Sasa namna ya kukitengeneza, kwa watu wanne. Unahitaji nusu kilo ya mnofu wa nguru au jodari usio na ngozi wala miiba. Mililita 250 za siki ya mnazi, isiyotiwa sukari, yenye asidi ya asilimia 4 au zaidi. Kipande cha tangawizi cha gramu 30. Kitunguu chekundu kimoja. Tango dogo moja. Pilipili mbichi mbili au tatu. Kijiko cha chai cha chumvi. Ndimu mbili badala ya kalamansi, ndimu ndogo za kule. Na, kama unapenda mtindo wa tui, mililita 120 za tui zito. Tumia bakuli la kioo au la udongo lililopakwa kigae. Sufuria ya alumini huliwa na asidi, nayo huacha ladha ya chuma kwenye samaki.

Kata samaki akiwa wa baridi sana, ametoka kwenye barafu. Mnofu wenye joto husambaratika chini ya kisu. Mwoshe kwa nusu ya siki: mimina, geuza kwa mkono kwa dakika moja au mbili, kisha mwaga siki yote na umkamue kidogo. Hatua hii ndiyo wageni huiruka, na ndiyo yenye siri. Shombo la samaki hutokana na kemikali nyepesi inayoruka hewani, na asidi huifunga isiweze kuruka tena. Siki ya kwanza huondoka nayo, pamoja na damu. Usipoimwaga, bakuli zima litakuwa na maji ya kijivu yenye ladha ya dagaa wa jana. Kisha mimina siki iliyobaki, chumvi, tangawizi iliyokatwa nyembamba, kitunguu na pilipili. Subiri dakika tano mpaka kumi. Kamulia ndimu, tia tango, na tui liwe la mwisho kabisa, ukiwa tayari kupeleka mezani. Tui nalo lina protini. Likikaa na siki kwa muda mrefu hukatika na kufanya madonge.

Ukimsahau samaki kwa saa mbili, wavu wa protini huendelea kujikaza na kukamua maji. Nyama hugeuka kavu, ya unga unga kama chaki, na hakuna tui litakaloirudisha. Wengine husema ukikiacha usiku kucha ndipo ladha inaingia. Hapana. Kinilaw si achari.

Tuje kwenye vijidudu. Siki hupunguza baadhi ya bakteria, lakini haiui viluwiluwi vya Anisakis, minyoo wanaojificha ndani ya samaki wa baharini. Hivi vinaweza kuishi ndani ya asidi kwa siku nyingi. Kinachoviua ni moto au baridi kali: nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na friji nyingi za nyumbani hazifiki hapo. Hatari ya pili ni histamini. Nguru na jodari wakikaa juani, bakteria huitengeneza ndani ya nyama, na ikishaingia haiondolewi na siki wala na moto. Mtu hula, na muda mfupi baadaye uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, midomo inawasha. Kinga ni moja tu: barafu tangu samaki anatoka majini, kilo kwa kilo. Kwa hiyo mchague kwa macho: matamvua mekundu, jicho angavu lililotuna, nyama inayorudi ukiibonyeza, harufu ya bahari na si ya samaki. Ukiwa na shaka naye, mpike. Wajawazito, watoto wadogo na wenye kinga dhaifu wasile kabisa.

Anayeenda Dumaguete apange Jumatano iwe siku ya Malatapay, soko la ufukweni katika wilaya ya Zamboanguita, kusini mwa mji. Hapo samaki huuzwa hatua chache kutoka majini, na hapohapo ndipo boti za Apo huondokea. Kisiwa hicho kidogo kina eneo ambalo wanakijiji, pamoja na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Silliman, walilifunga lisivuliwe tangu mwaka 1982. Nje ya eneo hilo bado wanavua. Fika asubuhi, kabla jua halijapanda.

Kwa asiyekula nguruwe, neno la kujua ni sinuglaw: hiyo ni kinilaw iliyochanganywa na nyama ya nguruwe ya kuchoma, na kwenye bakuli lenye tui hutaitofautisha kwa haraka. Uliza kabla ya kuagiza. Ukitaka kitu kitulizacho tumbo baada ya pilipili, nenda soko kuu la mjini asubuhi inayofuata ukaulize budbud. Ni wali wa kunata uliopikwa kwa tui ukafungwa kwenye jani la mgomba, nao huliwa na embe bivu na kikombe cha sikwate, kakao nzito ya moto iliyopekechwa mpaka ikatoa povu.