Kabla hujanunua saa ya kopi, uliza mashine iliyomo ndani

Juzijuzi kijana mmoja aliniwekea mezani saa iliyoandikwa Rolex Submariner. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, na mshale wa sekunde umelala kwenye namba nne.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Nilikwenda nayo Bagamoyo, nikaogelea kidogo tu. Si imeandikwa mita 300?"

Nikafungua mfuniko wa nyuma. Ule mpira mweusi wa kuzuia maji ulikuwa umetoka kwenye mfereji wake, umebanwa na mfuniko mpaka ukakatika. Ufunguo, yaani kile kidude cha pembeni cha kujazia, haukuwa umekazwa. Chumvi ilishaanza kuota kwenye skrubu, na mashine yote ilikuwa imeshikiliwa na duara la plastiki jeupe. Kijana hakuwa anaitazama saa. Alinitazama mimi usoni, kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

"Fundi, hii ni orijino?"

"Si orijino."

Akashusha pumzi. "Najua. Nilitaka kujua kama na wewe unajua."

Saa za namna hii zinapita kwenye meza yangu hapa Dar kila wiki. Mimi siziuzi, ila nazitengeneza, maana mashine ni mashine na mtu ameshatoa hela yake. Ninachokiona kila siku ni kwamba watu wananunua sura, halafu wanakuja kulia kwa sababu ya kilichomo ndani. Hata saa inapoharibika, bado wanaitunza kwa kufuata jina lililoandikwa usoni, badala ya kufuata ile mashine.

Saa ya betri ina kipande cha kwatzi na saketi yake. Saa ya mashine haina umeme hata chembe. Ndani yake kuna utepe mrefu wa chuma uliokunjwa kwenye pipa dogo. Unapojaza unaukaza, na ukianza kujikunjua unasukuma magurudumu. Mwisho wa msafara huo kuna balansi, gurudumu jembamba linalokwenda na kurudi, likirudishwa na springi nyembamba kuliko unywele. Mashine nyingi za Japani unazozikuta kwenye saa za kawaida zinapiga mara 21,600 kwa saa, ambayo ni mara 6 kwa sekunde. Mashine nyingi za Uswisi zinapiga 28,800, yaani mara 8 kwa sekunde. Kwa siku nzima hiyo ya Uswisi imepiga mara 691,200, na hakuna aliyeisukuma isipokuwa ule utepe.

Ndiyo maana kipimo cha mtaani cha "mshale wa sekunde unatambaa, basi ni orijino" hakina maana. Mshale unatambaa kwenye saa yoyote ya mashine, hata ile ya bei ya viatu vya mtumba. Na uzito nao si ushahidi, chuma ni chuma.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: ndani kuna mashine gani? Akijibu "ya Uswisi, bosi wangu" na bei yake ni ya simu ya kawaida, endelea na safari yako. Majibu ya kweli huwa ni matatu.

La kwanza ni mashine ya Japani. Kuna Miyota 8215 ya kampuni ya Citizen, ambayo imekuwapo tangu 1977, ina vito 21, yaani vijiwe vigumu vinavyopunguza msuguano pale magurudumu yanapozungukia. Kuna NH35 ya Seiko, vito 24, ikijazwa mpaka mwisho inatembea kama saa 41. Hizi mimi nazipenda kwa sababu ya jambo moja la kifundi: zinapatikana. NH35 nzima, mpya, unaagiza kwa chini ya dola 50. Lakini jua kwamba mtengenezaji mwenyewe anairuhusu ipoteze mpaka sekunde 20 au ikimbie mpaka sekunde 40 kwa siku. Mteja akiniambia saa yake ya NH35 inakimbia sekunde 25, namwambia haijaharibika, ndivyo ilivyozaliwa. Naweza kuisogeza karibu na sifuri, lakini si kosa la mtu.

La pili ni mashine za China zilizoigwa kutoka 2824-2 ya kampuni ya ETA ya Uswisi, vito 25, mapigo 28,800. Hapa watu wengi wanachanganya mambo. Kuiga mashine hiyo si wizi, maana hataza yake, yaani haki ya mbunifu, imeshapita muda, na hata huko Uswisi kwenyewe kampuni ya Sellita wanatengeneza SW200 kwa mpango uleule. Kosa liko kwenye jina la mwenzako unalolipiga chapa usoni. Mashine hizi zikisafishwa na kutiwa oili vizuri zinakwenda sawasawa kabisa. Tatizo ni kwamba nyingi zinatoka kiwandani zikiwa kavu, au zimetiwa oili kama mtu anayemwagia saladi mafuta.

La tatu ni mashine rahisi za China za 21,600, zile ambazo mafundi hawahangaiki kuzitengeneza. Ikifa, unatoa yote unaweka nyingine. Ya kijana wa Bagamoyo ilikuwa hiyo.

Usidhani ni rahisi kusema "fundi, toa hiyo weka ya Japani". NH35 ina unene wa milimita 5.32, na 2824 ina milimita 4.6. Kasha lililotengenezwa kwa ile nyembamba haliwezi kumeza ile nene, mfuniko hautafunga. Hata mishale haihamishiki ovyo: tundu la mshale wa dakika wa Miyota 8215 ni milimita 1.00, la NH35 ni 0.90. Tofauti hiyo huioni kwa macho, lakini mshale utapwaya na saa itakuwa inasema saa nne wakati dakika zinacheza ngoma yake.

Sasa zile zenye visaa vitatu vidogo usoni, ndizo zinazonipa maumivu ya kichwa. Za bei ya chini kabisa visaa vyake ni vya uongo: kimoja kinaonyesha siku, kingine mwezi, na vile vitufe vya pembeni ambavyo ulidhani vya kuanzishia na kusimamishia sekunde ni vya kubadilishia siku tu. Hizo afadhali, zinadanganya bila kuvunjika. Balaa ni kopi za Rolex Daytona zinazotumia mashine iliyoigwa kutoka Valjoux 7750 ya Uswisi. Hiyo 7750 ya miaka ya 1970 ni mashine nzuri sana, ngumu kama tingatinga. Lakini kwa maumbile yake sekunde za kawaida zinakaa upande wa namba 9, na visaa vingine viko namba 12 na namba 6. Daytona za tangu mwaka 2000 zina sekunde za kawaida upande wa namba 6, na visaa vingine namba 3 na 9. Mwigaji anafanyaje ili sura ifanane? Anaongeza magurudumu madogo ya kuhamisha mwendo kutoka huku kwenda kule. Kila gurudumu linaongeza msuguano na kula nguvu ya ule utepe, na meno yake membamba ndiyo yanayolika kwanza. Saa inaanza kusimama usiku, halafu ukiitikisa inaamka, halafu siku moja haiamki. Vipuri vya magurudumu hayo huvipati dukani, kwa sababu hayamo kwenye 7750 yoyote halali. Mtu akiniletea saa hiyo kabla ya kuinunua namwambia hapana, bila kuzunguka.

Kwa nini siuzi? Mbali na dhamiri, kuna sheria. Tanzania kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na Kenya kuna sheria yao ya bidhaa bandia ya mwaka 2008. Mzigo ukikamatwa unateketezwa, na muuzaji ana kesi. Hata mvaaji asijione salama kila mahali: Ufaransa forodha wanaweza kukuvua saa hiyo uwanja wa ndege na kukupa faini juu yake. Na vituo rasmi vya huduma vya kampuni yenyewe havigusi kopi, kwa hiyo unabaki na sisi wa vibandani.

Kama unachotaka ni ile sura ya saa ya kupiga mbizi, zipo zinazofanana nayo zikiwa na majina yao wenyewe na NH35 ndani. Invicta Pro Diver ni mfano, na haizidi sana bei ya kopi nzuri. Au chukua Seiko 5, jina lililoanza 1963, ambalo baba zetu wengi walilivaa. Ila Seiko 5 ya mtumba iangalie uso. Nyingi zimepakwa rangi upya huko Mumbai, rangi za chungwa na kijani kinachopiga kelele, maandishi yamekaa upande. Mashine ndani mara nyingi ni ya Seiko kweli, lakini imeunganishwa kutoka maiti tatu.

Umeshanunua? Basi tuje kwenye kuitunza.

Maji kwanza, hasa sisi wa pwani. Usiamini namba iliyoandikwa usoni kwenye kopi, hiyo ni picha tu. Fundi aipake mipira silikoni na kukagua kama imekaa kwenye mfereji. Ufunguo wa kukaza kwa kuzungusha uanze kuurudisha nyuma taratibu mpaka usikie umedondoka kwenye njia yake, ndipo uusokote mbele. Nyuzi za kopi ni laini, ukilazimisha mara tatu zimekwisha. Ukihofia kuna unyevu ndani, ipashe saa joto mkononi kisha weka tone la maji baridi juu ya kioo. Ukungu ukitokea chini ya tone, ilete leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Tarehe. Usibadilishe tarehe kwa ufunguo wakati mishale iko kati ya namba 9 na namba 3 upande wa usiku, yaani saa tatu usiku hadi saa tisa usiku. Wakati huo meno ya kubadilisha tarehe yameshaingia kazini, na ukiyalazimisha unayavunja. Zungusha kwanza mishale mpaka namba 6, ndipo ugeuze tarehe.

Sumaku. Kava za simu, spika, mikoba yenye vibanio vya sumaku. Springi ya balansi ikishika sumaku, mizunguko yake inanatana, inakuwa kama imefupishwa, na saa inakimbia dakika nyingi kwa siku. Watu wanadhani imekufa, kumbe kifaa cha kuondolea sumaku kinamaliza kazi kabla sijamaliza chai.

Kujaza. Zile kopi za 2824 usizijaze kwa mkono kila siku, mizunguko michache ya kuiamsha inatosha, mengine iachie kile kizito cha nyuma kinachozunguka na kuijaza saa unapotembeza mkono. Na ukijaza ukasikia kizito hicho kinazunguka chenyewe kama feni, acha hapo hapo. Magurudumu yanayokiachanisha yamekauka na yanakwama.

Oili ndiyo mahali penye ugomvi kati yangu na mafundi wenzangu. Wapo wanaotumbukiza mashine nzima kwenye petroli, wanaitikisa, wanaipuliza kwa mdomo, kisha wanadondosha oili ya cherehani. Mteja anaondoka saa ikipiga vizuri. Oili ya cherehani haikai mahali pake, inatambaa, na baada ya miezi michache imehama kwenye vito na kwenda kukaa pasipotakiwa. Nasema hivi kwa sababu nilifanya mwenyewe. Nilipokuwa najifunza niliweka oili hiyo kila ninapoona kitu kinazunguka, hata kwenye springi ya balansi. Ile saa ikawa inakimbia kama dakika ishirini kwa siku, na mwalimu wangu aliniamuru nimpelekee mwenye saa mpaka nyumbani kwake, kwa miguu, nikaombe radhi. Kwenye vito natumia oili ya saa, Moebius 9010, tone dogo kuliko kichwa cha sindano, na kwenye pipa na sehemu za mzigo natumia grisi nzito. Springi ya balansi haipati kitu. Kisha saa inakaa juu ya kipimo, kinachosikiliza mapigo na kuchora mistari. Mistari miwili ikikaribiana na kwenda sambamba, nafunga. Kazi hiyo inatosha miaka mitatu hadi mitano, lakini kopi mpya mimi ningeifungua mapema, kwa sababu zile za kiwandani huwa kavu.

Yule kijana nilimwekea mashine nyingine ya aina ileile, mpira mpya, na nikamkatalia kabisa habari za bahari. Wiki mbili hazijapita akarudi, amenuna.

"Fundi, mashine uliyoniwekea mbovu. Tarehe inabadilika saa sita."

"Si ndiyo inavyotakiwa?"

"Saa sita mchana!"

Nikavuta ufunguo, nikazungusha mishale mbele duara moja zima, yaani muda wa saa kumi na mbili, nikaurudisha. Akauliza anadaiwa kiasi gani. Nikamwambia aniletee kahawa.