Maana ya Kupunguza Athari za Kimazingira kupitia Sera za Mipango Miji

Kupunguza athari za kimazingira za ujenzi mpya mijini ni kutumia mpango wa matumizi ya ardhi, sheria ndogo za mji na masharti ya vibali vya ujenzi ili mji unapokua usiharibu ardhi, maji, hewa na viumbe zaidi ya inavyolazimu. Dhana hii haihusu tu ufundi wa kujenga jengo linalotumia umeme kidogo, kwa kuwa huanza mapema zaidi, pale inapoamuliwa ni wapi pajengwe, kwa msongamano gani, na ni wapi pasiguswe kabisa. Nyumba inaweza kuwa na paneli za sola paa zima, lakini ikiwa imejengwa kilomita 30 kutoka kazini na shuleni, mahali pasipo na usafiri wa umma, wenyeji wake watachoma mafuta kila siku, na hilo halina fundi wa kulirekebisha.

Kwa kawaida wapangaji hufuata ngazi nne kwa mfuatano: kuepuka madhara, kupunguza yasiyoepukika, kurejesha kilichoharibiwa, na mwisho kufidia kilichopotea. Ngazi ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa waendelezaji wengi huikimbilia mapema, kwani miche iliyopandwa kwingine haizuii mafuriko katika bonde lililokwisha kufukiwa.

Kuepuka hufanyika kwenye ramani. Jimbo la Oregon, nchini Marekani, lilitunga sheria mwaka 1973 inayoitaka miji yake iweke mpaka wa ukuaji, yaani mstari unaoonyesha mji uishie wapi, na mpaka wa eneo la Portland ukapitishwa mwaka 1979 ili kulinda mashamba na misitu ya pembezoni. Mpaka huo haujagandishwa: ardhi iliyo ndani yake lazima itosheleze mahitaji ya miaka 20, hivyo hupitiwa upya na kupanuliwa inapobidi. Sera ya namna hii huhitaji mwenzake, yaani ruhusa ya kujenga nyumba nyingi zaidi ndani ya mpaka. Bila hiyo bei za nyumba hupanda na watu huhamia miji ya mbali zaidi, na safari zikawa ndefu kuliko mwanzo.

Ndani ya eneo linalojengwa, suala zito mara nyingi ni maji ya mvua. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya hekta moja huleta lita 200,000. Kwenye udongo wenye mimea, sehemu kubwa ya maji hayo hupenya ardhini au kunaswa na majani, ilhali kwenye lami, zege na mapaa karibu yote hukimbilia mtaroni kwa wakati mmoja, yakibeba mafuta na taka hadi mtoni. Kupanua mitaro huhamishia tatizo kwa wanaoishi chini ya mkondo, na ndiyo maana baadhi ya miji imeamua kudhibiti uso wenyewe wa ardhi. Berlin hutumia kipimo kinachokipa kila kipande cha kiwanja alama: eneo lililofunikwa kabisa hupata sifuri, na udongo wenye mimea hupata moja. Alama hizo huzidishwa kwa ukubwa wa kila kipande, zikajumlishwa na kugawanywa kwa eneo la kiwanja chote. Kwa makazi mapya katika maeneo yanayohusika, lengo limekuwa 0.60. Uzuri wake ni kwamba mbunifu hubaki huru kuchagua njia ya kufikia kiwango hicho. Toronto nayo, nchini Kanada, kwa sheria ndogo ya mwaka 2009, iliagiza majengo mengi mapya yenye sakafu ya jumla ya kuanzia mita za mraba 2,000 yaoteshwe mimea juu ya sehemu ya paa.

Yako pia masharti ya zamani yanayofaa kufutwa tu, hasa yale yanayolazimisha kila jengo liwe na idadi fulani ya maegesho ya magari, hata jirani na kituo cha treni. Hayo huagiza lami kwa nguvu ya sheria.

Sharti lisilokaguliwa baada ya ujenzi, hata hivyo, hubaki karatasini. Uingereza imelizingatia hilo katika kanuni iliyoanza kutumika England mwezi Februari 2024, inayoitaka miradi mingi mipya iongeze thamani ya bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe na makazi yao, kwa angalau asilimia 10: makazi ya viumbe yanayohesabiwa kuwa nyongeza kubwa lazima yatunzwe kwa miaka 30, na wajibu huo hufungwa kisheria kwenye ardhi yenyewe, hata ikiuzwa.