Sogea tukae: yanayosemwa mtaani na yaliyomo kwenye sheria

"Hamkufunga ndoa, chukua begi lako uondoke."

Hii ndiyo kauli iliyowaliza wanawake wengi Tanzania walioishi na wanaume bila kufunga ndoa, yaani "sogea tukae", na si kweli. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawa wanawatambua kama mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana. Dhana hiyo ya ndoa inaweza kupanguliwa. Mwanamume akileta cheti cha ndoa ya kanisani aliyofunga zamani na mwanamke mwingine na ambayo haijavunjwa, hoja ya ndoa imekufa.

Hoja ya mali bado iko hai, na hapo ndipo wajuaji wengi wa mtaani hupotea. Kifungu hichohicho kinairuhusu mahakama kumpa mwanamke huyo nafuu zilezile ambazo angepata kama ndoa ingekuwepo na ikavunjwa, matunzo yake na ya watoto yakiwemo. Mahakama ya Rufani ilishasema, katika shauri lililoripotiwa mwaka 1994, kwamba nyumba waliyoipata wawili wakiishi pamoja inaweza kugawanywa hata dhana ya ndoa ikishaanguka.

"Miaka miwili ikitimia, nusu ni yangu."

Taratibu. Miaka 2 inakupa haki ya kusikilizwa. Fungu lako linapimwa kwa mchango wako. Mchango si fedha tu. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango, ingawa rufaa yake mwenyewe ilitupwa. Kanuni ikabaki, na wengine wanakula matunda yake mpaka leo.

Shida iko kwenye ushahidi. Karatasi ya mauziano ya kiwanja, ile iliyoandikwa mbele ya mjumbe, mara nyingi ina jina la mwanamume peke yake. Basi hakimu atauliza: saruji ilinunuliwa kwa hela ya nani? Mwenye daftari la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, linaloonyesha mkopo aliochukua mwezi ule msingi ulipomwagwa, na fundi aliyekuwa akilipwa na yeye, ana cha kujibu. Risiti za mabati usizichome.

"Kiwanja nilinunua kabla hajaja, hakimhusu."

Kikibaki pori, sawa. Kikijengwa kwa jasho lenu wote wawili, kifungu cha 114 cha sheria hiyohiyo kinakiingiza kwenye mali za kugawana.

"Haya ni mambo ya wanawake."

Kwa Tanzania, kifungu cha 160 kweli kinamtaja mwanamke kwenye matunzo, lakini nafuu nyingine hata mwanamume anaweza kuziomba. Tazama na Kenya. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua mgogoro wa mwanamume aliyedai sehemu ya nyumba za kupangisha zilizojengwa kwenye kiwanja chenye jina la mwanamke aliyeishi naye miaka mingi. Majaji walikataa kuwahesabu wanandoa, kwa kuwa mwanamke alikuwa na ndoa nyingine, na wakaonya kwamba dhana ya ndoa itumike kwa nadra. Hata hivyo waliona alichochangia mwanamume kwenye mali hiyo: mwanamke akabaki na asilimia 70, mwanamume akapewa 30.