Kibali kiko kwenye faili, askari yuko barabarani

Mtu akinipigia simu nimsimamie silaha kwenye filamu yake, simuulizi kwanza ni bastola ya aina gani. Namuuliza mnashuti wapi, na nani atawaona. Ndani ya chumba kilichofungwa, bastola ya mpira ni kifaa kama kiti. Itoe nje, mpe kijana aliyefunika uso akimbie nayo kutoka dukani, na kwa mama aliye ghorofa ya tatu ng'ambo ya barabara hiyo ni silaha kamili. Yeye haoni kamera, wala fundi sauti aliyejibanza nyuma ya gari. Anaona ujambazi. Anapiga simu polisi, na amefanya jambo la haki kabisa.

Wengi wanadhani hatari ya kazi hii imo ndani ya mtutu tu. Imo, sikatai. Mwaka 1993 muigizaji Brandon Lee alifariki akishuti filamu, baada ya kichwa cha risasi kubaki kimekwama kwenye mtutu bila mtu kujua, kisha risasi ya baruti tupu ikakisukuma. Mwaka 2021 Halyna Hutchins, mpigapicha mkuu wa filamu ya Rust, aliuawa huko New Mexico kwa sababu risasi ya moto ilikuwa imeingia kwenye bastola ya maigizo. Ndiyo maana mahali pa wazi nina msimamo mmoja: silaha zisizoweza kufyatua kitu chochote, na cheche na mlio vitiwe wakati wa kuhariri. Ila hiyo ni nusu ya kazi. Bastola ya mpira haiwezi kumuua mtu, lakini aliyeishika anaweza kuuawa.

Mwaka 2017, mjini Crawfordsville katika jimbo la Indiana, Marekani, muigizaji aliyefunika uso alitoka kwenye baa akiwa na bunduki bandia. Walikuwa wanashuti tukio la wizi, na hakuna aliyewaarifu polisi wala majirani. Polisi walifika kwa sababu walipigiwa simu. Askari mmoja akafyatua risasi, ya moto, ikamkosa. Sidhani kuna hadithi ambayo nimewasimulia waongozaji mara nyingi kuliko hii.

Lakini kuna tukio jingine, halihusu filamu, ambalo ndilo linaloniongoza zaidi. Novemba 2014, mjini Cleveland, Marekani, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa anachezea bastola bandia bustanini. Aliyepiga simu ya dharura alisema huenda bastola ni ya bandia, na kwamba huenda huyo ni mtoto. Maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Alipigwa risasi ndani ya sekunde kama mbili tangu gari lao lifike. Habari ilikuwepo. Ilipotelea njiani, kati ya aliyepokea simu na waliokuwa garini. Kila ninapopeleka kituo cha polisi barua ya kuwaarifu kwamba tutashuti, nawaza juu ya ile njia.

Barua ikigongwa mhuri, mtayarishaji hupumua, anaona mambo yamekwisha. Kumbe barua imefika kwa karani tu. Niliwahi kusimamia tukio la utekaji: wanaume watatu, gari moja, bunduki mbili za mpira. Kibali tulikuwa nacho. Asubuhi nilizungumza na ofisa wa zamu, nikaandika jina lake. Mvua ikatuchelewesha. Saa nane zamu ikabadilika, nami sikuwaza. Saa tisa na robo gari la doria likafunga breki nyuma yetu, askari wawili wakashuka wakijikinga na milango, silaha zimenyooshwa. Muigizaji wangu alikuwa amewapa mgongo, bunduki mkononi, akisubiri neno la mwongozaji.

Hakugeuka. Alifanya lile tulilorudia naye asubuhi mara tano: akafungua vidole bunduki ianguke, akainua mikono wazi, akabaki ameutazama ukuta. Bunduki ya mpira haigongi lami kama chuma. Inadunda. Ilidunda mara mbili ikalala, na mimi niliyesimama hatua kumi pembeni, mikono juu, nikaona bega la askari wa karibu likishuka. Kibali chetu muda huo kilikuwa ndani ya faili, kabatini.

Tangu siku ile napiga simu kabla silaha hazijatoka kwenye sanduku, napiga kila zamu inapobadilika, na napiga zikishafungiwa. Sizungumzi na mkuu wa kituo peke yake; namtafuta anayepokea simu za dharura, kwa kuwa mama wa ghorofani atampigia yeye. Namweleza kwa maneno yatakayofanana na ya mama yule: wanaume watatu, mmoja na koti jekundu, gari jeupe, bunduki mbili ndefu, kati ya saa nne na saa saba. Nikisema "tunarekodi filamu barabara fulani" sijamsaidia kitu. Polisi wa London humpa mtayarishaji namba ya kumbukumbu kutoka kwenye mfumo uleule wanaotumia kugawa simu za dharura, ili anayepokea simu aione taarifa palepale. Pasipo mfumo wa namna hiyo, naomba askari mwenye sare akae nasi na redio yake. Askari huyo ana thamani kuliko barua kumi.

Hata baada ya yote hayo, simu moja inayosema mtu amejeruhiwa itawaleta, na lazima waje. Kwa hiyo wakifika, kazi inasimama. Muigizaji hajielezi, hakimbilii kuwaonyesha kuwa silaha ni ya mpira, hachomoi kitambulisho. Anaachia, anainua mikono, anatii. Anayezungumza ni mtu mmoja, aliyevaa kizibao cha kung'aa, na mtu huyo tunamjua tangu asubuhi. Usitegemee rangi ya chungwa kwenye ncha ya mtutu: kwenye filamu huondolewa, na mhalifu naye anaweza kupaka rangi silaha ya kweli.

Kushuti kwa kamera iliyofichwa ili wapita njia washtuke kweli, siku hizi nakataa hata kabla sijamaliza kusikiliza. Hofu ya mtu asiyejua si kiungo cha filamu, na huwezi kujua nani kati yao ana silaha yake mwenyewe kiunoni.

Ninachokihofia zaidi, lakini, ni mapumziko. Kamera imezimwa, muigizaji ana kiu, anavuka barabara kununua maji na bastola imechomekwa kwenye suruali. Amesahau, maana kwake ni mpira. Basi mwongozaji akisema "Kata!" mimi ndiye wa kwanza kutembea. Sisubiri wanirudishie, nafika mkononi kwa kila mmoja, nachukua, nahesabu kwa sauti hadi sandukuni. Mbili zilitoka, mbili zimerudi, nafunga kufuli, kisha napiga ile simu ya mwisho na kumtajia aliye zamu saa na dakika.