Maji ya ziwa ni meupe, tuyanywe tu? Maswali yenu kuhusu kutibu maji kwa jua

Huku Kibirizi, Kigoma, maji ya Ziwa Tanganyika unaona mpaka mawe chini, kwanini tusinywe hivyohivyo?

Kwasababu vijidudu huvioni kwa macho, ndugu yangu. Hapohapo mitumbwi inashusha watu, wengine wanafua, wengine wanaoga, mvua ikinyesha inasomba vinyesi kutoka milimani vyote vinaishia ziwani, na bakteria wa kipindupindu kwenye maji meupe anaishi vizuri tu. 2015 pale Kagunga, kijiji cha ufukweni mpakani na Burundi, wakimbizi wa Burundi walijazana ufukweni, vyoo hamna, maji ni hayohayo ya ziwa, kipindupindu kikaua watu. Ila weupe huo una faida yake, manake ukiyaweka kwenye chupa juani ili kuyatibu, jua linapenya mpaka ndani ya chupa, maji yangekuwa na tope lingeishia juujuu.

Jua linauaje vijidudu, ni lile joto?

Joto linasaidia, maji yakifika nyuzi 50 kazi inaenda haraka sana, lakini kazi kubwa inafanywa na mionzi ya urujuanimno ambayo hatuioni. Inaharibu vinasaba vya kijidudu, kinashindwa kuzaliana, kwahiyo hakikuumizi tena. Na hii imepimwa maabara: Aftim Acra na wenzake kule Beirut waliichunguza, UNICEF wakachapisha kazi yao 1984, baadae watafiti wa Uswisi wakaiendeleza kuanzia 1991.

Nafanyaje sasa?

Tafuta chupa za plastiki za maji au soda, zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, zisiwe zimechakaa na mikwaruzo. Bandua lebo, osha na sabuni. Jaza robo tatu, funga, tikisa kama sekunde 20 hewa ichanganyike, halafu jazia mpaka juu. Zilaze kwenye bati, zilazwe jamani sio kusimamishwa, sehemu ambayo kivuli cha mwembe hakitafika mchana, tangu saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Hayo masaa 6 usiyapunguze. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga acha siku 2 mfululizo. Halafu kunywa kutoka chupa ileile au mimina kwenye kikombe kisafi, maana wengi wakishatibu wanamwaga kwenye ndoo ya wazi watoto wanachota na mikono, vijidudu vinarudi upya.

Naweza kuweka dumu la lita 20? Au chupa dirishani ndani?

Hapana. Dumu lile mwanga haupiti vya kutosha na maji ni mengi mno. Kioo cha dirisha nacho kinazuia mionzi tunayoitaka.

Plastiki ikipata jua si inatoa sumu?

Imepimwa, kwa chupa hizi za maji na soda kinachoingia kwenye maji ni kidogo sana, chini ya viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO). Hatari ya kuharisha ni kubwa kuliko hiyo, hasa kwa watoto.

Mimi niko Urambo, tunachota lambo, maji ni kahawia.

Acha yatulie, chuja na kitambaa safi, kisha pima: simamisha chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti uchungulie kwa juu kupitia mdomo wa chupa. Husomi herufi, basi jua halitoshi, chemsha. Na kwa nyie wa mashamba ya tumbaku nasisitiza hili, jua haliondoi dawa za kupulizia, wala chumvi, wala floraidi, na kuchemsha hakuondoi pia. Lambo linalopokea maji kutoka shambani tafuteni chanzo kingine cha kunywa, hata kama ni mbali.

Mvua zikianza?

Siku ya mvua ya kutwa usitegemee chupa kabisa. Chemsha mpaka yatokote, au tumia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Na mvua zenyewe ndo msimu ambao uchafu unaingia kwenye maji kwa wingi, kwahiyo nunua vidonge mapema.